Maswali ya Wasomaji: Sesiamu Inaposoma Chini

SWALI: Tunapima kiasi cha kuungua (nishati ambayo fueli imekwisha kutoa) kwa fimbo ya fueli iliyotolewa kinu cha nyuklia, kwa mstari wa gama wa sesiamu-137, zao la mpasuko wa urani, wenye nishati ya keV 662. Kigunduzi cha mionzi ni cha jerimaniamu. Kila tukirudia, tunapata 8% chini ya kumbukumbu za kinu. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni na kalenda, si kifaa. Nusu-uhai ya sesiamu-137 ni miaka 30.1, kwa hiyo hupungua karibu 2.3% kwa mwaka. 8% ni kama miaka mitatu na nusu ya kuoza ambayo haikuhesabiwa. Wengi husahihisha tangu siku fimbo ilipotoka, wakasahau iliyooza humo humo kinuni. Ingizeni historia ya nguvu ya kinu, mzunguko kwa mzunguko, na vipindi kilipozimwa.

Kalenda ikiwa sawa, shukuni wingi wa mapigo, yaani ishara ambazo miale huzitoa kwenye kigunduzi. Mapigo mawili yakifika pamoja huhesabiwa kama moja lenye nishati kubwa zaidi, na yote mawili hutoweka kwenye kilele (rundo la mapigo ya nishati moja kwenye grafu). Wekeni chanzo cha yitriamu-88 kando ya kigunduzi, pimeni kilele chake cha keV 1836 bila fimbo, kisha fimbo ikiwepo. Kikishuka, punguzeni ufa wa kolimeta (kinga yenye mwanya unaopitisha miale) mpaka kisishuke tena. Kobalti-60 haifai hapa, maana mara nyingi imo kwenye vyuma vya fueli yenyewe.

Fueli kujinyonyea mionzi yake sidhani ndiyo chanzo. Milimita 5 hivi za oksidi ya urani huzuia nusu ya miale ya keV 662, kwa hiyo mngeisahau kabisa, pengo lingekuwa kubwa kuliko hilo.

Je, mmepima sehemu moja tu? Ncha za fimbo huungua kidogo kuliko katikati, na fueli iliyopata joto kali husukuma sesiamu kwenda sehemu za baridi. Pitisheni fimbo nzima mbele ya ufa, ndipo mchukue wastani.

SWALI: Fueli yetu imepoa miaka 25. Mbona uwiano wa sesiamu-134 kwa sesiamu-137, tunaoutumia kupima kuungua, haupatikani?

JIBU: Nusu-uhai ya sesiamu-134 ni miaka 2.06. Imebaki chini ya sehemu 1 kwa 4,000. Tumieni yuropiamu-154, keV 1274: bado ipo karibu 13%. Ila huzaliwa kwa kunasa nyutroni, kwa hiyo uwiano wake kwa sesiamu-137 hubadilika kwa urutubisho wa awali wa urani (sehemu ya urani-235 iliyokuwemo mwanzoni); bila programu ya kukokotoa mabadiliko ya fueli, namba hiyo haisomeki.