Jibu: Kutofautisha furu na vifaranga vya sato

Ndugu, umeuliza utawatambuaje furu (samaki wadogo wa ukoo mmoja na sato) na watoto wa sato (tilapia), maana wote wanaingia pamoja kwenye wavu pembezoni mwa Ziwa Victoria. Achana na rangi ya mwili kwanza. Samaki akishtuka au akifa rangi hubadilika, ndiyo inayowachanganya wengi.

Mtie akiwa hai kwenye chupa angavu yenye maji, mtazame ubavuni. Sato mchanga ana doa jeusi kwenye pezi la mgongo, pale miiba inapoishia na sehemu laini kuanza. Akikua kidogo, mkia wake unaonyesha mistari myembamba ya wima. Furu dume hana doa hilo. Yeye tazama pezi la chini, karibu na mkia: utaona vidoa vya njano au rangi ya chungwa, mviringo kama mayai. Jike vidoa vyake hufifia, wakati mwingine huvioni kabisa.

Ukikuta kadogo kenye sharubu mdomoni, hako si furu wala sato. Kakiwa na doa la rangi ya chungwa kwenye kifuniko cha shavu, yaelekea ni samaki aitwaye kisayansi *Enteromius kerstenii*.

Ila kutaja spishi ya furu kwa macho, usijisumbue sasa hivi. Wako mamia. Piga picha, mapezi yakiwa wazi, uitume hapa.