Kidole gumba kulegea baada ya kuanguka na bodaboda

Pole sana, ndugu yangu. Umesema ulianguka na bodaboda Mwenge wiki iliyopita, eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika, lakini hadi leo ufunguo hushiki wala chupa hufungui. Eksirei inaonyesha mifupa, ligamenti (utepe mgumu unaounganisha mfupa na mfupa) haionekani. Nahofia ligamenti ya gumba, upande unaotazama kidole cha shahada, imechanika.

Daktari wa mifupa atalisukuma gumba taratibu kuelekea nje na kulilinganisha na la mkono mzima, pengine kwa ganzi. Likifunguka bila kikomo, huenda ligamenti imekatika kabisa. Kipimo cha picha cha ultrasaundi au MRI kitathibitisha. Hatari iko hapa: ncha iliyokatika inaweza kuruka juu ya utando wa msuli, na ikinasa huko haiungi, hata ukae na plasta miezi mingapi. Ni upasuaji tu, irudishwe na kushonwa kwenye mfupa. Ikichanika kidogo, plasta ya wiki 4 hadi 6 kwa kawaida hutosha.

Tafadhali usikubali kuchuliwa! Omba rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wiki hii hii. Kushona ndani ya wiki 3 za mwanzo ni rahisi zaidi. Ukichelewa sana, huenda ikabidi kupandikiza kano kutoka sehemu nyingine ya mwili.