Maswali na majibu: Nicholas Clayton na majengo ya Galveston

Maswali ya safari hii yanamhusu Nicholas Clayton, msanifu aliyeipa Galveston, mji wa bandari wa Texas, sura yake ya mwishoni mwa karne ya 19.

Ndiye yule Mwairishi aliyechora Ikulu ya Marekani?

Siye. Huyo ni James Hoban, aliyefariki 1831, Clayton hajazaliwa. Swali hili linaletwa kila mara. Tafadhalini, tazameni tarehe kabla ya kuuliza.

Alisomea chuo gani?

Hakusomea chuoni. Aliletwa Cincinnati, Marekani, kutoka Ireland akiwa mtoto, akatumikia jeshi la majini la majimbo ya Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kisha akajifunzia kazini kama wasanifu wengi wa wakati wake. MIT, chuo cha kwanza Marekani kufundisha usanifu, kilianza masomo hayo 1868 tu. Lakini nisisikie mtu akimfanya Clayton kisingizio cha kumwachia fundi yeyote achore ramani ya ghorofa lake. Clayton alipikwa kwanza chini ya waliomtangulia. Hata Galveston alifika 1872 kwa niaba ya ofisi ya usanifu ya mji wa Memphis, kusimamia ujenzi wa kanisa la Presbiteri.

Askofu alipata wapi fedha za kujenga lile kasri la Galveston alilolichora Clayton?

Askofu hakujenga chochote. Mwenye nyumba alikuwa Walter Gresham, mwanasheria na mwanasiasa, na kazi ilianza 1887. Dayosisi ya Kikatoliki iliinunua 1923, ndipo watu wakaizoea kama Kasri la Askofu. Haya ndiyo ninayoyapigia kelele siku zote: jengo linabeba jina la mwenye fedha, halafu la mnunuzi, na aliyelifikiria kuanzia msingi hadi paa hatajwi. Mkipita mbele ya jengo zuri, ulizeni nani alilichora. Na wenye kujenga, wekeni jina la msanifu kwenye jiwe la msingi, si la mgeni rasmi peke yake.

Kimbunga cha 1900 kilibomoa kanisa lake. Huo ndio uhodari?

Ni kweli, kanisa la Sacred Heart, alilolichora yeye, liliangushwa tarehe 8 Septemba 1900. Lakini fikirini mazingira. Sehemu ya juu kabisa ya kisiwa haikufika mita 3 kutoka usawa wa bahari, na maji yalipanda zaidi ya mita 4. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 6,000 au zaidi. Nyumba ya Gresham ilisimama. Chuo cha masista wa Ursuline, alichokichora pia, kilisimama na kuhifadhi mamia ya watu. Jengo la matofali mekundu la chuo cha udaktari, Old Red, la 1891, liko hadi leo.

Lawama iende kwa wakuu wa mji. Mji wa Indianola, pwani hiyohiyo, ulisombwa na kimbunga 1886. Ukuta wa bahari ulipendekezwa Galveston, ukaachwa. Ulianza kujengwa 1902, baada ya maziko. Ninyi mnaouziwa viwanja kando ya bahari, ulizeni kuhusu maji kabla ya kuuliza kuhusu mandhari.

Chuo cha Ursuline sikioni kwenye picha za sasa. Kiko wapi?

Kilibomolewa. Kimbunga Carla cha 1961 kilikiharibu, na watu wakamalizia. Jengo lililookoa roho za watu 1900 lilistahili kukarabatiwa, hata kwa gharama kubwa. Sitabadili msimamo huo.

Alikufa tajiri?

Maskini. Mwishoni mwa miaka ya 1890 kazi ya kuchora jengo la mahakama ya kaunti ilimponyoka, mgogoro wa mkataba ukaishia kwenye kesi, na baadaye akafilisika. Baada ya kimbunga kazi kubwa zikawa haba. Mwaka 1916 alikuwa akikarabati bomba la moshi nyumbani kwake, mshumaa ukaunguza nguo zake, akafariki Desemba. Wasanifu vijana, someni mkataba wote kabla ya kusaini, na msianze kuchora bila malipo ya awali.

Nikifika Galveston nianzie wapi?

Jengo la Trueheart-Adriance, la 1882. Ni dogo, na matofali yake ya rangi mbalimbali yanaonyesha mkono wake kuliko kasri. Nenda asubuhi.