Kupunguza Vitu Nyumbani na Kukirimu Wageni Bila Kujikalifisha: Je, Ni Ubakhili?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Shekhe, mimi ni mke na mama wa watoto watatu. Nyumba yetu imejaa vitu: makabati ya vyombo visivyotumika, nguo za miaka mingi, mapambo, zawadi za harusi ambazo hazijafunguliwa mpaka leo. Nimeamua kupunguza tubaki na tunavyovihitaji, na wageni wakija nipike chakula cha aina moja au mbili badala ya kujaza meza. Mama mkwe amechukia. Anasema huo ni ubakhili, na kwamba mgeni wa Muislamu hakirimiwi hivyo. Naomba kujua: mpaka wa israfu ni upi? Nikipunguza aina za chakula nitakuwa nimepunguza haki ya mgeni? Na naruhusiwa kutoa vitu nilivyopewa zawadi? Jazaakallahu khayran.

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Dada yangu, ulilolikusudia ni jema na lina msingi madhubuti katika dini. Lakini hofu ya mama mkwe wako nayo usiipuuze, kwani wapo wanaosema wamechagua maisha ya kawaida kumbe wamefunga mikono tu. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni haki za watu, na ndizo tutakazozifuata hapa.

Mwenyezi Mungu amewasifu waja Wake wema kuwa wanapotumia hawafanyi israfu wala ubakhili, bali wanakuwa katikati ya hayo (Al-Furqan 25:67). Hiyo katikati haikuwekewa idadi, maana nyumba ya watu wawili si sawa na ya watu kumi, wala mwenye wasaa si sawa na aliyebanwa riziki yake. Hata hivyo tunacho kipimo cha karibu katika hadithi ya Jabir (R.A.) aliyoipokea Imam Muslim katika kitabu chake cha hadithi: "Tandiko la mume, tandiko la mkewe, la tatu la mgeni, na la nne ni la shetani." Imam Nawawi ameeleza kuwa linalokusudiwa ni lile lililozidi haja, likawekwa kwa kujifakharisha na kujipamba kwa dunia. Magodoro ya watoto wako hayaingii humo, kwa kuwa haja ipo. Na tazama vizuri: Mtume (S.A.W.) alipohesabu haja za nyumba ndogo kabisa, ya mke na mume, mgeni alimtengea tandiko lake. Basi unapoanza kupunguza, godoro la akiba, shuka safi za kubadilisha na taulo ya mgeni vibaki. Wengi huanza kutoa hivyo hivyo kwa sababu havitumiki kila siku, na mgeni wa usiku anapobisha hodi hakuna pa kumlaza.

Mapambo nayo hayakuharamishwa. Qur'ani imekemea wanaoharamisha pambo la Mwenyezi Mungu (Al-A'raf 7:32). Lakini sikiliza kisa hiki katika Sahih Muslim. Bibi Aisha (R.A.) alifunika mlango wake kwa kitambaa wakati Mtume (S.A.W.) yuko vitani. Aliporudi akakiona, chuki ikaonekana usoni mwake, akakivuta na kukipasua, akasema: "Mwenyezi Mungu hakutuamrisha kuyavisha mawe na udongo." Bibi Aisha akakikata kitambaa kile, akatengeneza mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, naye Mtume hakumlaumu kwa hilo. Jifunze mwisho wa kisa: kitambaa hakikutupwa, kilihamishwa kutoka mlangoni kwenda mahali ambapo mtu angekiegemea.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Mtu anatoa mifuko na mifuko ya vitu vizima hadi jalalani, kisha ananunua vipya vichache vya bei ya juu ili nyumba ionekane ya kisasa na nyepesi. Hilo si kukinai. Mtume (S.A.W.) ametaja kupoteza mali miongoni mwa mambo matatu ambayo Mwenyezi Mungu ameyachukia kwetu, katika hadithi ya Mughira (R.A.) iliyo kwa Bukhari na Muslim. Sufuria iliyokwaruzika lakini inapika, ibaki inapika.

Kabla hujatoa chochote, jua ni cha nani. Watu hulisahau jambo hili kabisa, na ndilo linalogeuza sadaka kuwa dhulma. Tenga kwanza vilivyo vyako: mahari yako, ulivyonunua kwa fedha yako, ulivyopewa wewe. Hivyo una uhuru navyo kwa wanazuoni walio wengi, kwani siku ya Idi wanawake wa Kiislamu walivua pete na hereni zao wakazitia kuwa sadaka katika nguo ya Bilal (R.A.) pale pale, na Mtume (S.A.W.) hakuwauliza kama wameomba ruhusa kwa waume zao. Vya mume usiviguse mpaka akubali, hata koti ambalo hajalivaa kwa miaka. Nguo za watoto alizozinunua baba yao kwa matumizi, muulize yeye. Ama zawadi aliyopewa mtoto na watu, hiyo ni mali ya mtoto: mzazi anaitunza au anaiuza kwa maslahi ya mtoto mwenyewe, hana ruhusa ya kuitoa sadaka. Kisha utakuta vya kuazima ambavyo havikurudishwa, bakuli la jirani au kitabu cha mtu. Hivyo virudi kwa wenyewe kabla ya yote. Ikiwa mwenyewe hajulikani tena, tafuta na uulize. Ukikata tamaa ya kumpata, kitoe sadaka kwa niaba yake, na akitokea baadaye na kukidai, umlipe.

Zawadi za harusi zinajuzu kutolewa. Zawadi ikishapokelewa inakuwa milki ya aliyepewa. Mtume (S.A.W.) alimpelekea Umar (R.A.) vazi la hariri. Umar akashangaa, kwa kuwa alikuwa amemsikia akilikataza, naye akamwambia kuwa hakumpa alivae mwenyewe. Umar akampa ndugu yake aliyekuwa Makka. Kisa hiki kimo kwa Bukhari na Muslim. La adabu tu ni kuchunga moyo wa aliyekupa: usikitoe mbele yake, wala usikipeleke mahali ambapo atakikuta wiki inayofuata.

Unachokitoa kiwe ni kile ambacho wewe ungekipokea. Qur'ani imekataza kukusudia kibaya na kukitoa ilhali mwenyewe usingekipokea ila kwa kukifumbia macho (Al-Baqarah 2:267). Fua nguo, shona vifungo, panga viatu jozi kwa jozi, na kilichoraruka kifanye tambara la kufutia. Ukiuza, mweleze mnunuzi kasoro: feni inayopiga kelele iwashe aisikie. Na tahadhari na kosa moja la wazi: vitu hivi usivihesabu kuwa ndiyo zaka yako. Zaka ya fedha hutolewa kwa fedha kwa wanazuoni walio wengi, na si njia ya kumalizia vilivyokuelemea kabatini. Hizi ni sadaka, na ujira wake upo.

Kurasa zilizochakaa za Mus-haf na vitabu vyenye aya zisiingie kwenye takataka. Zichome moto mpaka herufi zipotee kisha uzike majivu, au zizike mahali pasipokanyagwa. Uthman bin Affan (R.A.) aliamuru kuchomwa karatasi zilizokuwa na maandishi ya Qur'ani baada ya kunakiliwa misahafu aliyoisambaza, kwa hiyo kuchoma kwa nia ya kuhifadhi heshima hakuna ubaya.

Vyombo vikubwa vya shughuli visikusumbue. Bakiza sahani, bakuli na vikombe kwa idadi yenu na ya wageni mnaowapata mara kwa mara. Kwa shughuli inayokuja mara moja kwa mwaka, azima. Surat Al-Ma'un imewakemea wanaozuia vitu vya kusaidiana, na Abdullah bin Mas'ud (R.A.) amesema, katika mapokezi ya Abu Daud, kuwa wao zama za Mtume walikuwa wakivihesabu vitu hivyo kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Ukiazima, hesabu vipande wakati wa kupokea, rudisha siku inayofuata vikiwa safi na vikavu, na kilichovunjika mkononi mwako kilipe bila kungoja kudaiwa. Nawe ukiwa na sufuria kubwa ya ukoo ambayo jirani zako wote huijia, hiyo usiitoe. Inafanya kazi ya nyumba kumi.

Sasa tuje kwa mgeni, ambaye ndiye hasa aliyemtia mama mkwe wako wasiwasi.

Haki ya mgeni imetajwa waziwazi. Katika hadithi ya Abu Shurayh (R.A.) kwa Bukhari na Muslim, takrima yake maalumu ni mchana mmoja na usiku wake, ugeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Wala si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji dhiki. Kwa hiyo siku ya kwanza mpe kilicho bora ulicho nacho, na siku zinazofuata ale mnachokula.

Na bora hiyo ilikuwaje kwa Nabii Ibrahim (A.S.)? Soma Surat Adh-Dhariyat, aya ya 24 hadi 27, pamoja na Hud 69. Wageni asiowajua walimwingilia wakatoa salamu. Alijibu salamu, akaondoka polepole kwenda kwa ahli zake bila kuwauliza kama wana njaa, hakukawia, akaja na ndama aliyenona, aliyechomwa, akamsogeza karibu yao na kuwaambia: "Mbona hamli?" Chakula kilichotajwa ni kimoja. Ukarimu uko katika upesi wake, katika uzuri wa kile kimoja, katika kuwasogezea badala ya kuwaita waje, na katika maneno laini. Hii ndiyo hoja utakayompelekea mama mkwe wako: aina zipungue, lakini kile utakachokipika kiwe kizuri, kiwe cha moto na kiwe cha kutosha. Ukipunguza aina na ukapunguza na kiasi, hapo maneno yake yatakuwa ya kweli.

Umar (R.A.) amesema, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Anas: "Tumekatazwa kujikalifisha." Na madhara ya kujikalifisha yako wazi jikoni. Vyakula sita vikipikwa kwa pamoja, mwenyeji anashinda juu ya moto, Adhuhuri inasogezwa mpaka karibu na Alasiri, vitatu vinafika mezani vimepoa, na mgeni anakaa sebuleni peke yake. Baya kuliko hayo ni kwamba mgeni huondoka akijua kuwa naye atadaiwa mfano wa meza ile, na kwa kuwa hana uwezo huo, anaacha kualika. Hivyo ndivyo milango ya ndugu inavyofungwa polepole, na kila mmoja anadhani mwenzake amebadilika.

Kwa kiasi, pika kwa idadi ya walaji, kisha ongeza sehemu ya mtu mmoja au wawili kwa asiyetarajiwa. Wageni sita na nyinyi watano, pika cha watu kumi na wawili au kumi na watatu. Wakizidi hapo usibabaike, Mtume (S.A.W.) amesema chakula cha wawili chawatosha watatu, na cha watatu chawatosha wanne (Bukhari na Muslim). Pakua kidogo kidogo, na kingine kibaki kwenye sufuria kimefunikwa. Kilichobaki humo bila kuguswa ni safi, kinaweza kupelekwa kwa jirani jioni ile ile, lakini kilichorundikwa kwenye sinia na kuparurwa na mikono mingi mara nyingi huishia kutupwa. Aina moja kuu, kitu kibichi kama tunda au kachumbari, na maji ya kunywa ya kutosha: mgeni aliyepewa hivyo amekirimiwa.

Usikidharau chakula chako mbele ya mgeni kwa kusema "hakuna kitu hapa." Mtume (S.A.W.) aliomba kitoweo akaambiwa hakuna ila siki, akaiagiza, akawa anakula na kusema: "Kitoweo kizuri kilioje siki!" (Muslim). Wala usimhutubie mgeni kuhusu uamuzi wako wa kupunguza vitu wakati anakula. Atahisi kila tonge linahesabiwa.

Hata karamu ya ndoa imo katika kanuni hii. Walima wa Bibi Safiyya (R.A.) ulikuwa wa tende, maziwa makavu na samli, bila mkate wala nyama. Ule wa Bibi Zainab (R.A.) alichinjiwa mnyama, na Anas (R.A.) amesema hakuona Mtume akifanya walima mkubwa kuliko huo kwa wakeze. Kila mmoja ulifanywa kwa kadiri ya kilichopatikana. Chakula kibaya zaidi, kwa hadithi ya Abu Huraira (R.A.), ni cha walima wanaoalikwa matajiri na kuachwa maskini. Basi nafasi mbili tatu katika orodha yako ziwe zao.

Ukitaka kujua kama umeingia kwenye ubakhili, fuatilia kilichookolewa. Kikiwa kimelipa deni, kimemfikia jirani, au kimekuwezesha kualika watu mara mbili pale ulipokuwa ukialika mara moja, uko salama. Kikiwa kimelala tu na milango imefungwa, rudi nyuma. Na asiyafanye haya mume kuwa kisingizio cha kumnyima mke matumizi yake. Mwenye wasaa ameamrishwa kugharimu kwa kadiri ya wasaa wake (At-Talaq 65:7).

Kuhusu mama mkwe wako, mwache mumeo azungumze naye, kwa kuwa ni mama yake na maneno yako yatasikika kama ushindani. Mara ya kwanza utakapopika kwa mtindo huu, mgeni awe yeye. Mpikie kile akipendacho zaidi, kwa wingi, ukae naye tangu afike mpaka aondoke, na umfungie cha kubeba. Kama yapo mapambo au vyombo alivyokupa yeye, hivyo vibakize na uvitumie siku hiyo.

Wallaahu a'lam.