Masale, sneki planti na mianzi ya bahati ni ukoo mmoja, na kwao ni Afrika

Dada uliyeuliza juzi kama masale, ule mmea wa majani mapana ambao Wachagga tunaupanda mipakani, yanaota Kilimanjaro peke yake, na kama ni kweli yule muuzaji wa Dar alivyokwambia kwamba mianzi ya bahati na sneki planti asili yake ni China, nimeona majibu humu yamekimbilia kwenye mila tu halafu watu wakaanza kubishana masale ni ya Machame au ya Rombo. Naomba nijibu kwa urefu kidogo maana hii ndo kazi inayonilisha, nina kitalu cha miche na maua hapa Moshi upande wa kwenda Himo, na nyumbani Kibosho kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, kimezungushiwa masale toka enzi za babu.

Jibu fupi ni hili. Masale hayaoti Kilimanjaro peke yake, na hivyo vitatu ulivyotaja vyote ni jenasi moja, yaani kundi moja la mimea ya ukoo wa karibu, inaitwa Dracaena, na hakuna hata kimoja asili yake China. Jenasi nzima ina spishi karibu 200 kwa hesabu za sasa, na sehemu kubwa ya hizo ni za Afrika. Mtu wa Moshi kuuziwa sneki planti kwa bei ya kitu cha nje inaniuma kidogo aisee.

Tuanze na isale lenyewe. Kitaalamu ni Dracaena fragrans na msituni utalikuta kuanzia nchi za Afrika Magharibi mpaka Sudan na Ethiopia, unashuka mpaka Angola na Msumbiji, yaani karibu ukanda wote wa misitu ya joto wa bara hili. Kinachotufanya tuone ni letu ni kwamba sisi tumeliingiza kwenye maisha, mpaka wa kihamba ni masale, kaburi la mzee linazungushiwa masale, na ukimkosea mtu ukaja na isale mkononi pamoja na wazee basi ni vigumu sana akufukuze. Ukienda msituni juu ya mashamba utaliona limejificha chini ya miti mikubwa, jani pana linaloweza kufika urefu wa mita moja au zaidi, kijani kizito, na likiachwa bila kukatwa miaka mingi linakuwa mti kabisa wa mita kumi na kitu. Jani pana vile ni la mmea wa kivulini, kule chini mwanga ni kidogo na unyevu upo wa kutosha kwahiyo halina sababu ya kubana jani lake.

Watu wengi wanadhani mababu walichagua masale kwa ajili ya mila tu. Mimi naamini waliusoma mmea kwanza. Isale halitambai. Halina mashina yanayosafiri chini ya udongo, machipukizi yake yanatoka palepale kwenye shina, ukilikata linachipua chini ya pale ulipokata, ukikata tena linachipua tena, na mstari unabaki pale ulipopandwa hata aliyeupanda akiwa ameshaondoka. Sasa fikiria wangepanda mkonge pori, ndugu wa sneki planti, kwenye mpaka, ule unatembea chini kwa chini kila mwaka, baada ya muda mpaka umeshaingia kwa jirani na hapo ni baraza la wazee kila wiki. Nimeshakaa kwenye kesi ya mpaka huko nyumbani ambapo kila karatasi ilikuwa na mgogoro, wazee wakaenda kufukua mashina ya masale yaliyokuwa yamefunikwa na magugu, wakayafuata moja moja mpaka korongoni, na pande zote mbili zikakubali.

Kuna jambo moja la kulitazama kwa karibu, nendeni mkaangalie wenyewe kihambani. Tafuta isale la zamani ambalo halikatwi ovyo, uone pale shina linapogawanyika. Ua la masale linatokea kwenye ncha ya shina, kishada kirefu cha maua meupe yenye kaupinki kwa mbali, yanafunguka jioni na kunukia usiku kiasi kwamba ukipita barabarani unajua isale limetoa ua kabla hujaliona. Likishatoa ua, ncha ile imemaliza safari, haiendelei tena, macho ya chini yake ndo yanaamka na kutoa matawi. Kwahiyo kila panda unayoiona, mara nyingi ni sehemu ambapo palikuwa na ua au pamekatwa panga. Baadae yanakuja matunda madogo ya rangi ya chungwa ambayo ndege wanayala na kusambaza mbegu.

Hiyo tabia ya kugawanyika baada ya ua ndo inatupeleka kwa ndugu zake wakubwa, na hapa ndipo jenasi hii inaponifurahisha mno. Kuna kundi la Dracaena ambazo ni miti ya maeneo makavu, shina nene, matawi yanagawanyika mara nyingi na majani magumu membamba yamekusanyika kwenye ncha tu, ukiutazama kwa mbali unaona mwavuli uliofunguliwa. Dracaena draco ipo Visiwa vya Kanari, Madeira na Cape Verde, na miaka ya 1990 wakaikuta kwenye miamba ya milima kusini mwa Moroko, maelfu ya miti ambayo wanasayansi hawakuwa na habari nayo ingawa wenyeji waliijua. Dracaena cinnabari ipo kisiwa cha Socotra tu kule Yemen, haipo penginepo duniani. Dracaena ombet ipo kwenye milima ya karibu na Bahari ya Shamu, kusini mashariki mwa Misri, Sudan, Eritrea, Ethiopia, Djibouti na Somalia. Dracaena serrulata ng'ambo ya pili, Yemen na Oman. Kenya na Ethiopia kwenye vilima vikavu kuna Dracaena ellenbeckiana. Halafu unaruka mbali kabisa unakutana na nyingine Vietnam na kusini mwa China. Ukichora kwenye ramani unaona madoa madoa yaliyotengana kwa maelfu ya kilomita, na maelezo yanayotolewa sana ni kwamba zamani mimea ya namna hii ilikuwa imeenea eneo pana zaidi, Sahara na Uarabuni vilipokauka zikabaki zile zilizokuwa kwenye visiwa na milima inayopata ukungu.

Na ukungu ndo siri yenyewe. Ule mti wa Socotra majani yake yanaelekea juu, ukungu unaganda juu yake unakuwa matone, matone yanateleza mpaka kwenye shina na kushuka kwenye mizizi, na kivuli chake kinene kinazuia ardhi ya chini isikauke. Shina likichanjwa linatoa utomvu mwekundu kama damu ambao umeuzwa kwa dawa na rangi toka zamani sana. Lakini mti huo una shida, mbuzi wanakula miche midogo kwahiyo unakuta miti mizee mitupu, na Novemba 2015 vimbunga viwili, Chapala na Megh, vilipiga kisiwa ndani ya muda mfupi vikang'oa miti mingi.

Watu wanapenda kuuliza miti ile ina miaka mingapi. Hapa mjue Dracaena ni za kundi moja kubwa na nyasi, vitunguu na minazi, shina lake halina pete za miaka kama mvule. Mimea mingi ya kundi hilo haiwezi kunenepa shina, mnazi ukishaanza kupanda juu unene wake ni ule ule, lakini Dracaena ina namna yake ya kuongeza unene mwaka hadi mwaka na ndo maana inaweza kuwa mti kweli. Kule Kanari, kwenye mji wa Icod de los Vinos, kuna mmoja wa mita 20 hivi ambao watu wanauita wa miaka elfu, ila waliokokotoa kwa kufuata idadi ya panda za matawi wamepata mamia ya miaka, haifiki elfu. Na hilo bado ni umri wa kuheshimu.

Sasa twende upande wa pili wa ukoo. Ukitoka Moshi kuelekea Same, ukishapita Mwanga nchi inakauka, chini ya migunga utaona mkonge pori umejazana, majani manene yamesimama kama mapanga, mengine ya mviringo. Zamani hii yote iliwekwa jenasi yake, Sansevieria, lakini uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha imezaliwa ndani ya Dracaena, na 2018 majina mengi yakahamishwa rasmi. Wafanyabiashara wengi bado wanatumia jina la zamani na hakuna ubaya, ila ndo maana humu mtu mmoja alisema sneki planti ni Sansevieria mwingine akasema ni Dracaena wakatukanana bure, wote mlikuwa sahihi.

Huyu wa Same shina lake amelilaza chini ya udongo, maji anayahifadhi ndani ya jani, na vile vitundu vya jani vya kupitishia hewa anavifungua usiku wakati kuna ubaridi, mchana wa jua kali anafunga, hivyo maji hayamtoki. Nyuzi zake zimesokotwa kamba na nyuzi za upinde kwa vizazi vingi. Tembo wakati wa kiangazi wanautafuna kupata maji, wakitema unakuta mafungu ya nyuzi njiani. Na lile korongo la Oldupai kule Ngorongoro, linalojulikana dunia nzima kwa mifupa ya watu wa kale, jina lake linatokana na mmea huu kwa Kimaasai. Msiuchanganye na mkonge wa mashambani, ule ni Agave, ni familia moja kwa mbali lakini kwao ni Meksiko, uliletwa Tanganyika 1893 na Mjerumani Richard Hindorf.

Sneki planti yako dada, ile ya jani lenye mistari na pembeni manjano, ni Dracaena trifasciata, kwao Nigeria mpaka Kongo. Ile ya jani la mviringo lililochongoka ni Dracaena angolensis ya Angola. Na mianzi ya bahati sio mianzi kabisa, ni Dracaena sanderiana, kichaka chembamba cha chini ya msitu huko Kameruni na nchi za jirani. Wakulima wa Taiwan na kusini mwa China ndo walioona inavumilia kukaa kwenye maji, wakajifunza kuipinda kwa kuigeuzageuza upande wa mwanga, wakaifunga utepe mwekundu na kuiuza dunia nzima. Sifa ya kazi hiyo wapewe, lakini mmea ni wa kwetu. Nje ya Afrika zipo, Madagaska na Mauritius wanazo, Asia ya kusini mashariki mpaka kaskazini ya Australia, Hawaii wana zao kadhaa, ila bara zima la Amerika ni chache mno, moja ya Meksiko na Amerika ya Kati na nyingine ya Kuba.

Kuna aliyeuliza kuhusu masale mekundu. Mengi yanayouzwa kwa jina hilo ni Cordyline, jenasi nyingine inayofanana sana kwa macho. Fukua kidogo ukwaruze mzizi kwa kucha, wa masale ni wa manjano kuelekea chungwa, wa Cordyline ni mweupe. Nikipokea mzigo wa miche mchanganyiko hicho ndo kipimo changu.

Kuotesha nyumbani. Isale kata kipande cha shina cha shibiri moja hivi, weka alama upande wa juu maana ukikipindua hakishiki, kiache siku kadhaa kikauke jeraha ndo upande, au kilaze tu nusu ndani ya udongo kitachipua pembeni. Mianzi ya bahati hivyohivyo, ukiitoa kwenye maji ukaipanda chini ya kivuli inanenepa mpaka hutaamini. Sneki planti ya manjano gawa kwa shina la chini, usioteshe kwa kipande cha jani, kwa sababu ule umanjano wa pembeni haupiti kwenye kipande, mche utakaotoka utakuwa wa kijani mtupu na wateja wengi wanakuja kunilalamikia wakidhani waliuziwa mbegu feki.

Na ukitaka kupeleka mkonge pori wa Same huko Kibosho au Marangu inawezekana, ila udongo wetu wa juu unashika maji sana na mvua haibahatishi. Utie kwenye chungu chenye tundu kubwa, changanya kokoto na mchanga nusu kwa nusu na udongo, uweke barazani chini ya bati mahali jua la asubuhi linafika, na kuanzia Machi mpaka Mei usiumwagilie kabisa. Ukiona jani limelainika na kunuka pale chini, kata yote yaliyooza mpaka ufike penye weupe, lianike wiki moja, ndo ulirudishe kwenye mchanga mkavu.