Sukari imekuwa mazungumzo yangu yote

“Shangazi, nina miaka 51 na ninaishi na kisukari, ugonjwa uliosababisha marehemu mama yangu akatwe mguu. Binti yangu aliye chuoni ameniambia kwamba kila akinipigia simu ninamsomea vipimo, na dada zangu wameacha kunitembelea. Hata shambani kwetu Mpunguzi siendi tena, kwani zabibu zinanikumbusha nisivyoweza kula. Je, ninyamaze?” – Mama D., Dodoma

Mpendwa Mama D., usinyamaze, kwa sababu siku sukari itakaposhuka, jasho likakutoka, mikono ikatetemeka na ukaanza kuchanganya maneno, walio nyumbani wanapaswa kujua la kufanya bila kukuuliza. Hata hivyo, ninavyoisoma barua yako, binti yako amesikia namba nyingi na hajawahi kusikia hofu yako. Mguu wa mama yako umeutaja kwa maneno machache na kuupita, nami naamini ndio unaozungumza kila unapotaja kipimo cha asubuhi. Mketishe binti yako akija likizo, umweleze hofu hiyo yote, hata ikibidi mlie. Baada ya hapo mkubaliane kwamba habari za sukari atazipata kila utokapo kliniki, au ukizidiwa, na siku nyingine umuulize yeye habari za masomo yake.

Namba ziandike kwenye daftari. Sukari hupanda na kushuka kutwa nzima kwa chakula, kwa usingizi, hata kwa wasiwasi, hivyo kipimo kimoja hakitoi hukumu. Kliniki wana kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, na huko ndiko daftari lako litakakopata msomaji anayeweza kulifanyia kazi.

Lililonisikitisha zaidi ni shamba. Zabibu za Dodoma huvunwa misimu miwili kwa mwaka, na katikati kuna kupogoa, kupalilia na kutafuta wanunuzi, mambo ambayo dada zako wangependa kuyasikia kwako. Tena kutembea na kazi nyepesi huifanya misuli itumie sukari iliyo kwenye damu. Vaa viatu vya kufunika na ukague nyayo kila jioni, maana kisukari kinaweza kufisha ganzi miguu usiusikie mwiba, na miiba ya huku kwetu unaijua. Kama unatumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, beba kitu kitamu. Zabibu zenyewe hukukatazwa kabisa. Muulize mtaalamu wa lishe ni ngapi zinaweza kuingia katika mlo wako.

Ikiwa baada ya hayo bado unakesha ukiwaza mguu, mwambie daktari wa kliniki waziwazi, kwa sababu sonona huwapata wenye kisukari mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, nayo ina tiba yake.