Kwa mnaoanza kujitolea kukarabati chekechea za kijijini

Nimeshiriki msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, wa kukarabati madarasa mawili ya chekechea huku milimani Upareni, wilaya ya Same, kwa hiyo nyie mnaokuja mara ya kwanza naomba mnisikilize, hasa kwenye sakafu maana hapo ndo tuliumia.

Kwanza mpitie kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, siku za kazi zipangwe kwenye mkutano wa kijiji na sio kwenye grupu la WhatsApp la watu walioko Dar. Mkiweka kazi siku ya gulio mtabaki fundi na mwalimu tu. Masika, Machi mpaka Mei, msijaribu kabisa, lori la mchanga halipandi. Na kila kinachochangwa kiandikwe kwenye daftari, mfuko wa saruji, misumari, debe la mahindi ya chakula, afu kisomwe mbele za watu, mtu akisikia jina lake limesomwa wiki ijayo anarudi.

Sasa sakafu. Darasa la kwanza tulimwaga Jumamosi, watu wamejaa, kina mama wanapandisha maji na ndoo, vijana wanakoroga, fundi anapiga niru, ile saruji laini ya juu, jioni inang'aa tukafunga mlango kila mtu kwake. Hakuna aliyerudi kumwagilia. Haikupita miezi mingi ikaanza kutoa vumbi, unafagia asubuhi mchana limerudi, siku moja nikamkuta mtoto kakaa chini anaandika herufi a kwa kidole kwenye vumbi la saruji ile ile tuliyochangishana, na mwenzake pembeni anakohoa. Iliniuma sana. Saruji haishiki kwa kukauka kama tope la ukutani jamani, inashika kwa maji, yakiondoka mapema kwa jua na upepo juu panabaki unga.

Darasa la pili tukafunika sakafu kwa majani ya migomba na mifuko mitupu ya saruji, kila nyumba ya jirani ikapewa siku yake, ndoo mbili asubuhi mbili jioni, siku 7 bila kuruka. Mpaka leo ukiigonga inalia.

Mchanga nao muupime kabla lori halijamwaga, tia kidogo kwenye chupa ya maji, tikisa, acha utulie, ukiona tope nene limekaa juu ya mchanga kataa, hata kama mwenye lori ni mjomba wako.

Na kabla fundi hajapiga ubao wala kulabu za mabegi, mwiteni mtoto wa miaka 5 asimame ukutani anyooshe mkono. Mafundi wanapima kwa urefu wao wenyewe, wamezoea hivyo. Sisi tulimsimamisha mjukuu wa jirani, tukachora alama kwa mkaa pale vidole vyake vilipoishia, fundi akashusha ubao mpaka pale.